Familia Mbili kwa Channel Moja

Wale mliniacha wiki iliyopita nikitoa laptop kwa ndoo ya maziwa, ilipona. Cucu, nyanya yangu, aliiweka karibu na jiko yake siku tatu, na sasa inawaka vizuri, ni vile tu ukiandika inanuka maziwa lala.

Na kama wewe ni mgeni hapa: mimi ni Wahome, kwetu ni Othaya, nilimaliza Form Four mwaka jana, na tangu nimalize nimeharibu kila kazi nimepewa. Salon moja huko Skuta niliwatengenezea app, ikawa inaita wateja Jumapili saa nne wakiwa kanisa. Duka ya dawa ya ng'ombe nilifuta stock yote. Lakini hizo ni utoto. Leo nawaambia ile ya dada yangu, ilikuja baada ya hiyo ya maziwa, na hii sijawahi ambia mtu yote, hata pastor alipata nusu.

Dada yangu ni Ngendo. Amenishinda na miaka saba, anafunza watoto wa nursery. Mwanaume wake ni Mugendi, fundi wa pampu za maji huko Kerugoya, lakini kwao kabisa ni Embu. Mtu mpole, haongei sana. Na hiyo kutoongea ndio ilikuwa inasumbua baba yetu, Mzee Moffat.

"Huyo kijana ananyamaza sana," Baba alikuwa anasema. "Nitajuaje kama anajua msichana wangu?"

"Si wamekuwa pamoja miaka nne?" Mami anamjibu.

"Hata mimi nimekuwa na chama ya kahawa miaka thelathini na siwajui. Nitajua siku ya ruracio."

Siku ya ruracio, siku ya kuleta mahari, mnajua vile tunafanya. Wasichana wanafunikwa leso kutoka kichwa mpaka chini, wanapangwa laini, na bwana anachagua wake. Kwingine akikosa watu wanacheka, anapigwa faini, anajaribu tena. Baba akasema kwake hakuna kujaribu tena.

"Akikosa nitawalisha, nitawaombea safari njema, na watarudi kwao na mambo yao."

Tulidhani ni mchezo. Shida ni moja: Mzee Moffat hachezangi.

Sasa Ngendo akaniita wiki mbili kabla.

"Wahome, nitengenezee app ya hiyo siku. Programu, picha, na mahali Tata Warigia anaandika kitu moja na simu zetu zote zinalia."

"Si mko na WhatsApp ya familia?"

"Iko na watu mia mbili. Ukiuliza nani ako na sufuria unaandikiwa Amen arobaini na tano."

Hapo alikuwa na ukweli.

"Na ishike kwa simu zote," akasema. "Yangu ni iPhone, ile Mugendi alininunulia. Ikikataa kwa yangu nitakukata masikio."

App ya kushika Android na iPhone zote mbili, unaandika mara moja inaenda kote. Hivyo ndio wanasema kwa video. Mimi nilianza Jumatatu ya wiki yenyewe, asubuhi, nikiimba. Jumatano nilikuwa kwa meza ya Theuri huko Nyeri town, sina wimbo.

Theuri anatengeneza simu. Meza yake ni ukubwa ya tray, lakini mambo ya code anajua kuniliko.

"Umekwama wapi?"

"Module ya meseji."

Module ni kipande ya app yenye inafanya kazi moja. Yangu ilikuwa hiyo ya meseji tu: mmoja anaandika, wengine wote simu inalia. Shida ni hiyo kipande haikujangi peke yake. Ni kama kualika mtu ruracio. Unaalika mmoja, anakuja na saba, na kila mmoja wa hao saba hali kitu fulani. Hao saba ndio wanaitwa dependencies.

Ya meseji ilitaka ya mtandao iwe version mpya. Ya picha ilitaka hiyo hiyo ya mtandao iwe ya zamani. Nikipendeza Android, iPhone inakataa. Nikipendeza iPhone, Android inajaza screen maandishi nyekundu.

"Umesoma error?" Theuri akaniuliza.

"Ni ndefu."

"Wee, si hata barua ya kuitwa college ilikuwa ndefu?"

"Hiyo pia sikusoma. Ndio maana niko hapa."

Theuri alicheka mpaka screw ikaanguka chini, tukaitafuta dakika kumi. Halafu akasoma error yeye mwenyewe, pole pole, kama mtu anasoma mita ya maji.

"Umeacha milango wazi. Kila moja inajichukulia version yenye inataka. Andika namba kamili kwa kila moja, ufunge. Hii ya mtandao ishuke moja, hizo zingine zitanyamaza. Na kwa upande ya iPhone hujaomba ruhusa ya kutuma meseji. Omba hapa."

Tukaandika namba. Tukafuta vitu zote zilikuwa zimedownload, tukaanza upya. Dakika arobaini tunaangalia mistari ikipanda. Ikafika mwisho, ikakubali.

Maze, nilipiga nduru yenye KCSE haikuwahi nitolea. Mama wa mandazi alikuja kuuliza ni nani amekufa.

"Kitu ya mwisho," Theuri akasema, akanionyesha faili ya settings. "Hii mstari inaitwa channel. Ni kama stesheni ya redio. Simu zote ziko kwa hii channel zinaskia kitu moja. Siku utatengeneza app ingine, badilisha hapa."

"Sawa."

"Wahome. Umesema sawa ukiangalia mandazi."

"Nimeskia, buda!"

Nilikuwa nimeskia. Kukumbuka ndio kitu ingine.

Alhamisi simu ikalia. Mugendi.

"Shemeji, Ngendo ameniambia umetengeneza kitu. Watu wangu pia wanataka. Uncle Kaburu anataka kutupanga bila kupiga kelele kwa boma ya wenyewe."

"Mugendi, imebaki siku mbili."

"Najua ni ngumu. Ni vile Sheila hapa anasema wewe ni genius."

Sheila ni dada yake mdogo. Nilikuwa nimemuona mara moja, siku walikuja kujitambulisha, na aliniuliza kama hiyo laptop ni yangu. Sitaki kuongea mengi. Sheila akisema wewe ni genius, wewe unakuwa genius.

"Nipe saa mbili," nikasema.

Nikakopi folder yote. Green ikawa maroon. "Kwa Ngendo" ikawa "Kwa Mugendi." Jina ya ndani ya app nikabadilisha, hiyo nilikumbuka, juu bila hiyo moja inafuta ingine. Dependencies sikugusa hata moja, vile zilikuwa zimepatana niliogopa hata kuziangalia vibaya.

Nikajaribu ya green, ikalia. Nikajaribu ya maroon, ikalia. Zote mbili pamoja sikuwahi fungua.

Hapo ndio dhambi yangu iko. Andikeni hapo.

Jumamosi ikafika. Tent mbili kwa uwanja, njahi, zile maharagwe nyeusi, kwa sufuria, baridi ya Othaya ile ya kukataa kutoka. Asubuhi hiyo niliweka app kwa simu za watu wetu, moja moja. Watu wa Mugendi niliwatumia link wakiwa bado wanavaa huko kwao.

Saa sita wageni wakafika kwa gate. Wamama wakafunga gate na wimbo, vile hufanya, wanauliza hawa ni akina nani na wamepotea wapi. Kaburu, uncle ya Mugendi, mzee mrefu na kofia, akawa anajibu kwa wimbo pia, na sauti mbaya sana. Watu wanacheka. Mambo iko sawa.

Tata Warigia alikuwa ndani kwa bedroom, anafunika wasichana watano, Ngendo na Shiku wakiwa kati yao. Tata ni dada ya baba na kwa hiyo kazi ya kuficha bibi harusi yeye ni jenerali. Alitaka wale wamama wa gate wajue laini itatoka aje, ndio waimbe wakizuia mahali inafaa. Akachukua simu, akafungua app yangu, akaandika.

Simu yangu ikalia: *Ngendo ni wa nne. Tumemuweka viatu za Shiku. Zungukeni wa kwanza na wa pili ndio waangalie huko.*

Nilijiskia vizuri! Meseji ya kwanza. Kwa simu za wamama wetu niliskia kri, kri, kri. Halafu nikaskia kri, kri, kri ingine, kutoka nje ya gate.

Nikasema ni mwangwi.

Dakika tano baadaye wageni wako ndani, wanakaa kwa tent yao, na Sheila anakuja pole pole mahali nimesimama na waya za spika.

"Genius."

"Sheila! Mmefika salama?"

"Tumefika. Nikuulize, hii app yako huwa inaambia watu mahali bibi harusi ako?"

Akanionyesha simu. Screen ya maroon. *Ngendo ni wa nne.*

Nikaachilia waya za spika.

"Nani ameona hii?"

"Sisi wote. Uncle Kaburu ameisoma mara mbili na sauti, hana miwani, hakuamini."

"Na Mugendi?"

"Mugendi amesema hataki kuangalia. Uncle amemwambia kwa sikio."

Nikakimbia kwa bedroom. Nikagonga, nikaingia bila kuitwa. Leso tano zikapiga kelele.

"Toka, kijana! Huku ni wanawake!"

"Tata, kuja hapa kwa mlango. Meseji yako imeenda kwao."

"Imeenda kwao na nani ameipeleka?"

"Ni... kuna mstari kwa settings. Inaitwa channel. Sikubadilisha."

Tata Warigia akaniangalia kutoka juu mpaka viatu.

"Sasa hiyo kompyuta imekunywa maziwa yetu lita tano, na bado inachukua siri zetu inapelekea watu?"

"Tata, pole. Ni mimi, si kompyuta."

Akafikiria. Halafu akatabasamu, na nikaogopa zaidi.

"Basi tutawabadilishia. Ngendo aende wa pili. Shiku aende wa nne. Na wewe usifungue mdomo. Wacha wajue kusoma meseji ya wenyewe ni kitu mbaya."

"Lakini Baba alisema akikosa..."

"Huyo kijana anampenda ama hampendi? Kama anampenda atamjua hata kwa gunia. Ondoka."

Nikatoka. Sasa nisikilizeni vizuri, juu hii ndio nusu yenye pastor hakupata.

Kutoka hapo kwa mlango mpaka tent ya wageni ni hatua kama thelathini. Mugendi alikuwa amekaa mbele kabisa, mikono kwa magoti. Ningeenda tu, niinamie sikio yake, niseme: wachana na hiyo meseji, angalia na macho yako. Maneno hata kumi hazifiki.

Nilitembea nikafika karibu. Mugendi akaniona, akainua kidole gumba.

"Shemeji," akasema kwa sauti, watu wake wote wakiskia, "app yako ni moto!"

Na Sheila akacheka. Hiyo kicheko sijui ilikuwa ya aina gani, lakini mimi nilichukua ile nilitaka. Nikainua kidole gumba pia. Nikarudi kwa spika.

Sikuongea. Niliona aibu ya kusema nimekosea mstari moja.

Wimbo ukaanza. Wasichana wakatoka, leso tano, laini moja, wanatembea kama wazee ndio wasijulikane. Wamama wanazunguka. Baba amekaa kwa kiti yake, fimbo katikati ya magoti, hacheki.

Mugendi akasimama. Akaanza kwa wa kwanza. Akatingisha kichwa. Watu: "Uuuu!"

Akafika kwa wa pili.

Akasimama hapo. Nilimuona, nawaapia. Alisimama, akainamisha kichwa kidogo upande, vile mtu anaskia jina yake ikiitwa mbali. Akatabasamu. Mkono yake ikaanza kuinuka.

Nyuma yake Kaburu akakohoa. Akakohoa tena. Akaonyesha vidole nne chini ya kofia.

Mugendi akaangalia uncle yake. Akaangalia leso ya pili. Mkono ikashuka.

Akapita. Akapita wa tatu. Akafika kwa wa nne, akashika bega, akasema, "Ni huyu."

Shiku akatoa leso. "Karibu mume wangu!" akasema, na akafungua mikono.

Watu walicheka mpaka tent ikatikisika. Walicheka kama sekunde kumi. Halafu wakaona Mzee Moffat amesimama, na kicheko ikaisha kwa laini, kutoka mbele kuenda nyuma.

"Wageni wetu," Baba akasema, "tumefurahi sana kuwaona. Chakula iko tayari. Mkishiba tutawaombea safari njema."

"Mzee, ngoja kwanza," Kaburu akasema. "Hapana, Mzee. Sisi tuliandikiwa wa nne! Iko hapa kwa simu!"

Haiya. Sasa ona mtu.

Leso ya pili ikaanguka chini. Ngendo alikuwa amejitoa mwenyewe. Hakuwa analia. Afadhali angelia.

"Mugendi," akasema. "Ulikuwa unanitafuta, ama ulikuwa unasoma?"

Mugendi akaangalia simu kwa mkono ya uncle yake.

"Ulisimama hapa mbele yangu. Niliona viatu zako. Ulijua ni mimi, sivyo?"

"Nilijua."

"Na ukaenda."

"Niliambiwa..."

"Uliambiwa."

Akageuka, akaingia nyumba. Mlango haikugongwa. Ilifungwa pole pole, na hiyo ndio ilikuwa mbaya.

Hapo miguu zangu zikanisimamisha katikati ya tent mbili. Sijui ni nani aliniwashia mic.

"Ni mimi," nikasema, na spika zote mbili zikasema ni mimi. "Nilitengeneza app mbili na channel moja. Kitu yenu inaandikwa, yao inalia. Niliambiwa nibadilishe mstari moja sikubadilisha. Halafu nilijua imevuja, na sikumwambia Mugendi, juu nilitaka kuonekana genius. Baba, usifukuze mtu. Kosa ni yangu."

Hata njahi iliacha kuchemka.

Tata Warigia akasema kwa nyuma, "Na mimi nilibadilisha laini. Iandikwe pia."

Baba akanyoosha mkono. Nikampa mic, lakini hakuwa anataka mic. Alinishika sikio na kunivuta mpaka kwa mlango ya nyumba.

"Enda umuulize dada yako. Yeye ndiye alikosewa. Akisema waende, wanaenda."

Nikagonga. "Ngendo? Ni mimi."

"Nimekuskia. Othaya yote imekuskia."

"Nisamehe."

"Wewe nitakukata masikio baadaye." Niliskia akisonga karibu na mlango. "Anafanya nini huko nje?"

Nikaangalia. "Amesimama tu. Ametoa simu kwa mfuko ameiweka chini kwa nyasi."

Nikaskia akivua viatu.

"Ambia Baba tunarudia. Mara moja tu. Simu zote ziende kwa karai, hata ya Uncle yake. Na wasichana wavue viatu. Akinikosa mara hii, mimi mwenyewe ndio nitamfungulia gate."

Nikapeleka. Baba akafikiria, akatingisha kichwa kukubali. Karai ikazunguka, simu zikaingia zikigongana kama viazi. Kaburu alitoa mbili.

Halafu Baba akaniinamia.

"Wewe utasimama hapa kando yangu. Na ukifungua hiyo mdomo kabla huyu kijana hajachagua, ukikohoa, hata ukipiga chafya, hii ruracio imeisha. Umeskia?"

Mara hii niliskia.

Wasichana wakatoka. Leso tano tena, zimepangwa vingine. Hakuna wimbo. Ni ndege tu na baridi, na miguu kumi kwa nyasi, imelowa.

Mugendi akavua kofia. Akaanza kutembea, pole pole, hapa anasimama, hapa anapita.

Mimi nikaangalia miguu. Ngendo ako na kovu kwa mguu ya kushoto, juu ya kidole kikubwa, ya panga, tulikuwa tunakata nyasi ya napier tukiwa wadogo. Nikaangalia wa kwanza. Hakuna. Wa pili, hakuna. Wa tatu. Wa nne. Nikarudia kutoka mwisho, juu labda baridi imeniharibu macho.

Miguu kumi. Hakuna kovu.

Dada yangu hakuwa kwa hiyo laini. Sikujua kama ni mtihani yake, ama ametokea mlango ya nyuma akashuka kwa shamba ya chai na harudi tena. Nikaangalia Tata Warigia. Alikuwa anahesabu leso na kidole, na uso yake ilikuwa inauliza kitu ile ile.

Baba akaniwekea mkono kwa bega, nzito.

Mugendi alikuwa amefika kwa wa tano. Akasimama. Akainamisha kichwa upande, vile alifanya mara ya kwanza.

Akanyoosha mkono. Mkono ilienda wapi, hiyo ni ya wiki ijayo.